Baba Mdogo Alivyofungiwa Chooni

Kaka mpendwa,

Jumapili ilikuwa siku ya tano ya ile mechi ya kriketi. Timu yetu ilihitaji mbio thelathini, na wapigaji wamebaki wawili wa mwisho. Baba mdogo, ambaye hajasemezana na baba tangu wagombane kwenye mazishi ya bibi, alikuja kuitazama kwetu kwa sababu televisheni yake imeungua. Alipoingia tu chooni, mpira ukapigwa ukavuka mpaka wa uwanja, tukapata mbio nne kwa mpigo. Baba akakimbia akamfungia kwa nje.

"Usitoke! Ukiwa humo tunapata mbio!"

"Basi nitangazie!"

Miaka miwili bila salamu, leo wanapigiana kelele mlangoni, mpira baada ya mpira. Zilipobaki mbio mbili, baba akashika kifua, akaanguka. Nikapiga yowe. Baba mdogo akadhani tumeshinda, akauvunja mlango kwa bega aje kushangilia. Akamkuta kaka yake sakafuni, akambeba mgongoni hadi barabarani huku analia.

Ni moyo, ila daktari anasema atapona. Tulishinda. Hakuna aliyeona, na wodini ndugu hao wawili wanalaumiana kutwa.

Baba anasema usijisumbue kuja. Mimi nasema njoo.

Dada yako