Kunde za Bibi Juu ya Sola

Jumamosi, 14 Juni

Leo nitaandika yote, hata lile linalonitia aibu, kwa sababu Bibi alisema anataka kurudi Singida.

Asubuhi alianika majani ya kunde kwenye kona ya paneli ya sola, ile iliyo chini bustanini. Kwao mboga hukaushwa popote penye jua kali, na mimi nilimsaidia kuyatandaza. Baba alipogusa kioo chini ya majani, aliondoa mkono haraka.

"Mama! Unataka kutuunguzia nyumba?"

"Basi nikatie tiketi," Bibi akajibu, akaingia ndani. Nami sikumwambia Baba kwamba nilisaidia kuyatandaza. Hiyo ndiyo aibu yangu.

Mchana nilimfuata chumbani. Nikamweleza kwamba seli za paneli ni kama akina mama waliojipanga kupokezana ndoo. Ukimfunika mmoja hawezi kupokea, lakini wenzake wanazidi kumsukumia umeme, naye anapata moto.

"Kumbe nilimwonea mwenzangu!" Akacheka, nikapumua.

Kunde tumezihamishia kwenye wavu wa dirisha bovu, mbali na paneli. Jioni akaniita nje.

"Mjukuu wangu, na kile kivuli je?"

Kivuli chembamba cha nguzo ya kamba ya nguo kilikuwa kimelala juu ya paneli. Nguzo hiyo aliisimika Baba mwenyewe.

Bibi hataji tena tiketi. Anataka tuing'oe nguzo hiyo kesho tukitoka kanisani.

Sasa, daftari langu, nijibu mapema: nani atamwambia Baba?