Mistari Miwili ya Verdelle

New Orleans, 5 Septemba

Mwanangu Ottilie,

Nakusalimu. Natumaini baridi ya Minneapolis haijaanza kukuuma mifupa na kwamba zamu zako zinakuachia nafasi ya kulala. Mimi mzima. Goti ni lilelile.

Nimefungua sanduku la tarumbeta la mama yako. Ndani, chini ya kitambaa, kuna daftari lake la nota, na ukurasa wa mwisho una wimbo ambao sijawahi kumsikia akiupiga. Tarehe ni 9 Machi. Siku mbili baadaye ndipo alipotia sahihi ile karatasi ya kukataa matibabu na kurudi nyumbani.

Bendi wanataka kupiga kitu chake makaburini Siku ya Watakatifu Wote. Leander, yule wa tuba, lile baragumu kubwa la sauti nene, kanipigia simu mara mbili. Sijamwambia habari za daftari. Daktari alisema ugonjwa umefika kichwani, na wewe ulisema pale koridoni kwamba mama hajui anachosaini. Mimi nikasema anajua, nikamrudisha nyumbani, na baada ya wiki tatu tukamzika. Kama ukurasa huu ni mikwaruzo ya mtu aliyechanganyikiwa, sitaki wenzake wauone. Na nitakuwa nimemwachia mgonjwa kalamu ambayo hakustahili kupewa.

Kwa hiyo nataka niusome mwenyewe kwanza. Mimi ni fundi wa kupiga plasta ukutani, nota sizijui. Watu wanasema siku hizi kuna programu za simu zinazofundisha nadharia ya muziki, hata jazi yenyewe. Nichagulie moja. Wewe unajua mambo ya simu.

Baba yako

---

Minneapolis, 11 Septemba

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Wodi imejaa, miguu imevimba, lakini nakula vizuri.

Nimesoma maoni ya watu mpaka macho yakauma. Kila programu ina mtu anayesema imemwokoa maisha na mwingine anayesema ni wizi mtupu. Nimekuwekea tatu kwenye simu yako kwa ile namba ya siri uliyonipa. Ya kwanza ni ya wanaoanza kabisa, ina michoro. Ya pili ni ya jazi, video za mwalimu, siku saba bure. Ya tatu haina sura nzuri, lakini wapiga muziki wenyewe ndiyo wanaisifu. Inakufundisha kusoma nota na kusikia, na ukipiga picha ukurasa inakupigia kilichoandikwa. Zijaribu kwa mpangilio huo. Usilipe kitu kabla hujaniuliza.

Mengine uliyoandika tutaongea siku nyingine.

Bintiyo, Ottilie

---

New Orleans, 1 Oktoba

Ottilie wangu,

Salamu nyingi. Umenijibu kuhusu simu tu, nami sikulaumu.

Ya kwanza ina samaki. Ukipatia nota, anatoa mapovu na kupiga makofi kwa mapezi yake. Nina miaka sabini na moja, samaki ananiambia mimi ni nyota! Nilivumilia siku nne kwa heshima.

Ya pili ina bwana mwenye kofia. Anasema jazi ni uhuru, jiachie tu, halafu dakika ya tatu anaorodhesha nota saba kwa mkupuo kama mnadi samani. Nikimwambia asubiri, hasikii. Nimemfuta.

Ya tatu ndiyo yangu. Nota kumi kwa siku, basi. Ukikosea inakwambia umekosea, ukipatia inakaa kimya. Ndivyo mzee wangu alivyonifundisha plasta: kupaka tabaka la chini siku nzima kabla hujaruhusiwa kugusa la juu. Sasa nasoma mistari yote mitano, na nimejua kwamba ile alama ya juu ni ya sauti nyembamba na ile ya chini ni ya sauti nene.

Ninapokaa kwenye kinanda chake namkumbuka akimwaga mate ya tarumbeta kwenye bamia zangu pale ngazini. Nilikuwa nikipiga kelele. Yeye anasema, "Numa, hizo bamia zina bahati, zinanyweshwa na msanii." Mwaka huu sikupanda.

Baba yako

---

New Orleans, 10 Oktoba

Mwanangu,

Natumaini hujambo.

Nimepiga picha ukurasa. Mama yako ameandika mistari miwili, mmoja wa tarumbeta juu na mwingine wa tuba chini. Nilipiga wa juu peke yake, ukawa mtamu, nikafurahi. Nikapiga wa chini peke yake, mzuri pia. Kisha nikabonyeza programu ipige yote pamoja.

Ottilie, ni kama watu wawili wanaogombana kwa lugha mbili. Karibu kila kipimo, yaani kila kipande kati ya mstari wima na mwingine, kina rangi nyekundu. Programu imeandika: "Huenda kuna makosa katika maandishi haya." Nami nimeona kwa macho yangu kwamba mwanzoni mwa mstari wa chini kaweka alama mbili za kushusha sauti, na juu hakuweka hata moja. Wimbo mmoja, na yeye mwenyewe hakumbuki yuko kwenye sauti gani. Nimejaribu kwa vidole vyangu, polepole. Ni vilevile.

Nadhani ulisema kweli pale koridoni. Hakuwa anajua. Mimi ndiye niliyemfikishia kalamu mkononi. Nisamehe.

Baba

---

New Orleans, 24 Oktoba

Ottilie mwanangu,

Hujambo? Wiki mbili sijapata barua, wala hupokei simu. Kaa chini kabla hujaendelea.

Jana Jumatatu nilichemsha maharage mekundu, nikakaa kwenye kinanda nikiupiga tena ule ukurasa, sijui kwa nini. Mara nasikia mtu barazani, "Shemeji! Nani anamkaba paka humo ndani?" Leander, na sanduku lake la tuba, kaja kula bila kualikwa kama kawaida yake. Sikupata nafasi ya kuficha daftari. Kalichukua.

Nikamwambia, "Usicheke. Alikuwa mgonjwa."

Akasoma akitikisa kichwa, midomo inatembea. Akauliza, "Unapiga huu wa juu kama ulivyoandikwa?"

"Kwani unapigwaje?"

"Miaka arobaini na nne unalala nyumba moja na tarumbeta, Numa!" Alicheka mpaka akashika meza. "Mpiga tarumbeta akisoma nota, inatoka chini hatua moja nzima kuliko nota hiyohiyo kwenye kinanda chako. Ndivyo tarumbeta lilivyotengenezwa. Tuba yangu haina mambo hayo. Mkeo Verdelle kila mtu kamwandikia kulingana na chombo chake. Ndiyo maana alama za mwanzo hazifanani. Zingefanana ndiyo ungepata shida!"

"Programu imesema kuna makosa."

"Programu inadhani sote ni vinanda. Uliiambia ni tarumbeta?"

Chini kabisa kuna mahali pa kuchagua ala. Sikuwahi kufika huko. Nikachagua tarumbeta kwa mstari wa juu, tuba kwa wa chini. Ottilie, nyekundu yote ilifutika.

Leander hakucheka tena. Alipitisha kidole kipimo kwa kipimo, vyote thelathini na viwili. Akasema, "Sikia, shemeji. Kuandika hivi lazima kila nota ya juu uipandishe kichwani kabla hujaiweka, na huku chini uiache. Mimi mzima wa afya huwa nafuta mpaka karatasi inatoboka. Yeye kafuta mara moja tu, kipimo cha kumi na tisa, na alichorekebisha ndicho sahihi. Huyu mtu alikuwa na akili zake."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Akasema, "Numa, maharage yanaungua," na kweli yalikuwa yanaungua, tukayala hivyo hivyo.

Tarehe 9 alikuwa anajua hatua moja ni ipi na kuanzia wapi. Tarehe 11 alitia sahihi.

Baba yako

---

Minneapolis, 27 Oktoba

Shikamoo Baba,

Barua yako imenifikia kazini. Nimeisoma nimesimama, licha ya onyo lako.

Nisamehe kimya changu. Barua yako ya tarehe 10 niliijibu mara tatu nikachana. Kila nilipoandika kwamba huna kosa, mkono ulikataa, kwa sababu mimi ndiye niliyekutia hilo kosa. Nilitaka iwe kweli kwamba mama hakujua. Mimi ni muuguzi, nimekaa na wagonjwa wa namna yake, na ilikuwa rahisi kwangu kuamini amechanganyikiwa kuliko kukubali kwamba alitutazama, akatupenda, na bado akasema basi. Uliyemsikiliza ni wewe. Mimi nilikuwa nabishana naye.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Nafika Jumanne, tutapaka chokaa kaburi pamoja kabla ya bendi kuja. Mpe Leander daftari, waanze mazoezi.

Na mimi nimeipakua ile ya tatu. Leo wakati wa chakula nimekosea nota saba kati ya kumi, nikacheka peke yangu kwenye chumba cha wauguzi, kisha machozi yakanitoka. Mwenzangu akauliza nimepata habari gani kutoka nyumbani.

Nikamwambia, "Mama yangu alikuwa na akili zake zote."

Bintiyo, Ottilie