Pamba Mbichi ya Wifi Minza

Kulwa mjukuu wangu,

Mwangaluka. Huku Bariadi hatujambo. Babu yako magoti yanamsumbua, ila mdomo hauna shida. Mahindi yametoka, na kunguru nao wameyaona.

Umeniuliza mimi ni mtu wa aina gani, kwa vile chuoni wamewajazisha fomu, na wewe imekuita mtu mtulivu asiyetikiswa na shida. Hiyo fomu siiamini. Aliyeiandika alikuona lini?

Mama mkwe wangu alipofariki, sisi tulilia mpaka sauti zikatukauka. Binti yake, wifi yangu Minza, hakutoa chozi. Alichukua kanga akaenda kuchuma pamba, na mwili haujazikwa bado! Kwetu kukiwa na msiba, shambani haendi mtu. Wanawake wakanong'ona, "Huyu ana lake jambo." Mimi nilinong'ona kuliko wote, kisha nikamfuata nimfumanie.

Nilimkuta kanga imejaa vitumba vya kijani, ambavyo havijapasuka. Mtoto wa mkulima anachuma pamba mbichi! Mikono ilikuwa inakwenda tu. Nikaanza kuchuma naye hivyo hivyo vibichi. Ndipo akalia.

Sasa, Kulwa. Mwisho wa barua umeandika kwamba uko salama, na kwamba siku hizi unafua kila jioni. Mimi ndiye niliyekulea. Kufua ulikuwa unakukimbia. Niambie bibi yako: hizo nguo unazofua, huwa ni chafu?