Mlango wa Pili

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi wazima, na darasa langu la kwanza bado linanipigia kelele kama kawaida. Wewe je, hujambo ya kweli, au hujambo ya kwenye simu?

Nauliza kwa sababu jana binti wa mama yako mdogo alipita hapa akasema, "Pole, mama mkubwa, kwa yaliyomkuta dada." Nikajibu asante, kumbe sijui napewa pole ya nini! Chai ilishapoa ndipo nikaelewa: mgonjwa alikupiga kazini, ukashonwa kidevu. Nimekuzaa mimi, halafu habari zako nazisikia kama redio ya jirani.

Niandikie yote. Mficha uchi hazai.

Mama yako

19 Februari

Mama, shikamoo,

Natumaini u mzima. Nisamehe, sikutaka kukukosesha usingizi. Kidonda kimepona, limebaki kovu dogo.

Ilikuwa hivi. Mapokezi ya dharura yalifurika watu. Mgonjwa mmoja alikuwa amechanganyikiwa kwa homa, nami nikamwinamia nimpime presha, ukuta nyuma yangu, kitanda mbele yangu. Ngumi ilipokuja sikuwa na pa kwenda. Simlaumu, hakujijua. Ila tangu siku ile mtu akipaza sauti, naacha nilichoshika natoka mbio. Wamenihamishia stoo ya dawa napanga maboksi. Angalau boksi halipigi mtu.

Sasa wameleta mafunzo mapya ya usalama kazini. Unavaa miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea. Chumba unachokiona ni chetu kilekile, na vitanda ni vilevile, ila miwani inaongeza visivyokuwepo: mtu mwenye hasira anasimama mbele yako, anakutukana, anakufuata. Ukijibana pabaya, sakafu chini yako inageuka nyekundu. Wanauita uhalisia ulioongezwa. Mimi niliongezewa aibu tu. Yule mtu wa miwani alipoinua mkono nilipiga ukelele, nikaivua, nikakimbilia uani. Mkufunzi, mama mmoja mpole, akanifuata. "Umefanya vizuri," akasema. "Umekimbia. Wengi huganda."

Sijui alikuwa ananifariji au ananicheka. Nafikiria kuacha kazi, mama.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Salamu baadaye. Rudi nyumbani! Chumba chako kipo, nimeshaondoa viti vibovu nilivyorundika humo. Kwani watu wa kukupiga hawatoshi, mpaka wakutengenezee wengine wa ndani ya miwani?

Sikukusomesha ili upigwe. Kazi inatafutwa, lakini uhai hauna spea. Nijibu upesi.

Mama yako

20 Aprili

Mwanangu,

Hata salamu zimenikauka mkononi. Simu yako inaita tu, haipokelewi. Kama nilikuudhi, sema. Kama unakuja, niambie nifue mashuka. Na kama umeumizwa tena, muombe mwenzako aniandikie, nitapanda gari la kwanza.

Mama yako, roho juu

2 Mei

Mama yangu, shikamoo,

Kaa chini kwanza. Mimi mzima wa afya, naandika huku nacheka.

Ile barua ya kuniita nyumbani niliisoma mpaka ikachakaa. Nilishindwa kuijibu kwa sababu nilikuwa nimeanza jambo, nikaogopa kulitaja kabla halijaiva. Nilirudi kwa mkufunzi. Kila nikitoka stoo, navaa miwani. Yule mtu akanitukana mpaka matusi yake nikayazoea kama wimbo wa tangazo. Nikajifunza: mlango uwe nyuma yangu. Mikono ionekane. Sauti yake ikipanda, yangu ishuke. Na pakiharibika, ondoka. Kukimbia si woga. Siku sakafu ilipokataa kabisa kuwa nyekundu, nikaomba kurudi mapokezi.

Wiki iliyopita mume wa mgonjwa alinyakua chuma cha kutundikia dripu, akavunja kioo cha dirisha la dawa. Mkewe alikuwa amepelekwa kupasuliwa tangu asubuhi na hakuna aliyemwambia chochote. Nesi mwenzangu, mjamzito, alibanwa kwenye kona. Mama, sikuwa na miwani, lakini ile kona niliiona nyekundu kabisa! Nikabonyeza kengele ya walinzi, nikasimama mlango ukiwa nyuma yangu, mahali ambapo kile chuma hakinifikii.

"Kaka," nikamwita, "nitazame mimi. Umesubiri mno, na hakuna aliyekujali."

"Amekufa, sivyo? Mnanificha!"

"Sijui. Sitakudanganya. Weka hicho chuma chini, nikakuulizie mwenyewe."

Aliponigeukia, mwenzangu akapita pembeni, akatoka. Yule bwana akatazama chuma kama vile kiliwekwa mkononi mwake na mtu mwingine. Akakiweka chini, akalia. Mkewe yu hai, mama! Aliyemletea habari hiyo ni mimi.

Viongozi wakaitisha kikao ili wanipongeze. Nikasema, "Asanteni. Lakini miwani imetufundisha kukimbia, na chumba kile kina mlango mmoja. Tukimbilie wapi?" Wenzangu wakapiga meza mpaka vikombe vikaruka. Leo mafundi wanabomoa ukuta. Na ameajiriwa mtu wa kuwapa ndugu habari za wagonjwa wao.

Nami nimeteuliwa mkufunzi msaidizi. Njoo uone.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu mkufunzi,

Nimefika salama, na kila anayenisalimia lazima asikilize safari yangu yote.

Nimewasimulia ulivyonivisha miwani. Yule mtu wako alipokuja na matusi, nilimfuata hadi puani: "Kaa chini! Shusha kidole!" Wanafunzi wako wakavunjika mbavu, na wewe, bila haya, ukanifelisha kwa kumsogelea. Mimi niliyekufundisha kushika kalamu! Sijawahi kufurahia kufeli namna ile.

Lakini kuna kitu sikukwambia. Asubuhi ya kuondoka nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, hukuniona. Mama mmoja alikujia akifoka, anarusha mikono. Nikainuka nije. Kisha nikakuona unarudi hatua moja, viganja wazi, sauti chini. Mwishowe yule mama akakushika mkono, mkaenda pamoja. Nikakaa tena. Maneno yote niliyokuja nayo ya kukurudisha nyumbani nikayameza.

Nilitoka kupitia mlango wenu mpya. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikanishika mkono wa gauni. Sijalifua. Shuleni waliniuliza nimechafukia wapi, nikawanyooshea mkono wote waone vizuri: "Huu ni mlango wa mwanangu."

Mama yako