Sijambo Yako, Mama

Mama,

Shikamoo. Itikia marahaba tu, usiongeze kwamba hujambo. Neno hilo ndilo lililonikalisha hapa kukuandikia.

Wamenipasua goti. Nimerudi nyumbani Same, mguu uko juu ya mto, na mdogo wangu Nakiete ananilisha makande kama mtoto.

Kule hospitali, baada ya upasuaji, daktari kijana aliniletea mashine: sponji mbili zenye maji ya chumvi, zifungwe kichwani, zipitishe umeme mdogo wa betri. Ati ubongo ukitulia, na maumivu yatapungua. Nikawaka. "Goti ndilo limepasuliwa, kichwani unatafuta nini? Au dawa zimekwisha?" Akasema dawa zangu ziko palepale, hii ni nyongeza, bado inajaribiwa. Wagonjwa wengine hufungwa isiyowashwa, ili walinganishwe. Na yangu je? "Hata mimi sijui, mama."

Nimebishana na wabunge na maaskofu, sijawahi kujibiwa hivyo. Nikakubali, ili niwakamate kwa uongo wao.

Alipoifungua kutoka kichwani akasema, "Shikamoo mama, unaendeleaje?" Mdomo ukanitangulia: "Marahaba, sijambo." Akatabasamu, akashika kalamu, akaandika.

Mama, nilisikia sauti yako. Wodini, tumbo limeshonwa, umeng'ata kanga, na kila nesi aliyekuuliza ulimjibu, "Sijambo, mwanangu." Naye akapita na sindano yake ya kutuliza maumivu. Kule kijijini Chome ulitulea hivyo: mtu akikujulia hali, usimtwishe maumivu yako. Tulikuzika ukiwa bado hujambo.

"Futa!" nikampigia kelele. "Hiyo ni salamu! Mpare hata akikata roho hajambo. Niulize goti!" Nakiete, aliyekuja kunitazama, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Daktari akauliza upya. Nikamwambia linauma kama jana, labda pungufu kidogo, na hiyo "labda" aiandike.

Mashine ile naishuku bado. Ila naishuku zaidi mashine yoyote itakayosifiwa kwa sababu akina mama kama wewe wana adabu.

Baada ya Pasaka ni zamu ya Nakiete, anatolewa mfuko wa nyongo. Nikimuuliza kama anaogopa, ananijibu hajambo.

Lala, mama. Huko natumaini huhitaji kumjibu mtu. Mimi nitakaa kando ya kitanda cha Nakiete, na magongo yangu. Akiwaambia manesi hajambo, nitawaambia hawajamuuliza bado.

Binti yako mgomvi.