Mvua ya Kinyala Ndani ya Waya

Kitwe, Zambia
Agosti 2003, mwaka wa arobaini na mmoja tangu niondoke nyumbani

Mdogo wangu Subilaga,

Umeamkaje huko Kinyala? Ule mguu ulioteguka shambani umepona, au bado unauficha ili usizuiwe kulima? Sisi huku baridi imetupiga, ila tunakula na tunalala.

Uliniomba sauti ya mama. Unaikumbuka kaseti niliyomrekodi nilipokuja kuwaona, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kaseti yenyewe ililiwa na redio zamani. Kilichobaki ni nakala niliyokuwa nimeihifadhi kwenye kompyuta yangu kuukuu, na hiyo nayo ilianza kukoroma kila nikiiwasha. Fundi alisema siku itakapogoma kuwaka, ndiyo basi. Disketi haitoshi kubeba sauti ndefu namna ile. Ni kama kumimina ndoo ya maziwa kwenye kikombe.

Lusajo mwanangu ana kompyuta nyingine chumbani kwake, moja ya hizi za mitumba zinazoingia kwa wingi siku hizi, na hiyo inaweza kuandika CD. Akavuta waya kutoka chumba chake hadi changu, akaenda zake kazini, akatuachia shughuli mimi na mkewe kwa siku mbili.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mkewe ni binti wa Ikuti, kulekule kwetu, kalelewa vizuri. Mila yetu unaijua: mkwe na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Tangu aolewe tunaishi nyumba moja, na ninachomfahamu zaidi ni kisigino kinachopotelea mlangoni. Mimi na kompyuta yangu huku, yeye na yake kule, ukuta katikati. Akapata njia: akawa anamsemesha mtoto wake mchanga aliyembeba mgongoni.

"Mwambie babu, taa ya waya inawaka."

"Mwambie mama yako, na huku inawaka."

Siku ya pili tulikwenda hivyo asubuhi nzima, na mtoto hana hata jino. Tulihakikisha kabrasha la sauti limefunguliwa ili mashine nyingine ilisome. Tukajaribu kwa namba: kompyuta yangu ikaita namba ya kule, ikaitikiwa. Lakini kila mmoja wetu akifungua orodha ya kompyuta jirani, anaiona yake peke yake. Zilisikiana kwa namba, hazikuonana kwa jina. Na yangu inakoroma, nami nawaza kwamba mama anazama mbele yangu.

Nikarudi kwenye kitabu cha maelekezo. Kinasema kompyuta hukaa kwa makundi, na kila kundi lina jina lake; majina yakitofautiana hata herufi moja, hazionani. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili, maana sisi tumekulia katika vijiji vya rika. Unaonana kwanza na wale uliojenga nao. Siku ya kwanza nilikuwa nimeliita kundi letu kwa jina la mlima wetu. Kwangu niliandika mwenyewe. La kule nilimtamkia mtoto, mama yake akaandika.

Nikamsomea mtoto ukurasa huo kwa sauti. Kisha nikasikia, "Mwulize babu, kwake ni Rungwe au Lungwe?"

"Mwambie ni Lungwe. Kama ilivyo kwenye lamani."

"Mwambie babu asikasirike. Mama yako aliandika kwa L, kama alivyotamkiwa. Angemsahihishaje baba mkwe?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nimesoma vitabu vya kujaza kabati, lakini ulimi haujavuka mpaka: mkono uliandika R, mdomo ukatamka L.

Akabadilisha kule, kwa sababu mabadiliko hayo yanataka mashine izimwe na kuwashwa, na yangu sikuthubutu kuizima. Yake ilipoamka, akasema polepole, "Mwambie babu, tunaiona yake." Akaanza kunakili. Nikaweka kiganja juu ya mashine yangu, kama unavyomshika ng'ombe anayezaa.

Halafu, Subilaga, ng'ambo ya ukuta ikanyesha mvua. Mvua yetu ileile, juu ya bati la jikoni kwa mama. Nikasikia kisu kikimenya ndizi, na wewe unacheka, na mama ananikemea kwa Kinyakyusa chake: "Asegelile, hicho kidude kina masikio kukushinda." Yote hayo yalikuwa yamepita katika waya mwembamba kama kamba ya kiatu. Nimesoma habari za mambo haya miaka mingi, lakini nilivua kofia, nikasimama.

Mama akasalimia, "Ugonile." Mkwe wetu, ambaye hakuwahi kumwona, akaitikia, "Ndaga, mama." Mara hii hakumtuma mtoto.

Kompyuta yangu ilizimika jioni ileile. Haijawaka tena.

CD imo humu. Mpelekee mpwa wetu Atupele, mtengeneza redio pale Tukuyu mjini, akupigie uisikie. Usikubali abaki nayo. Nisalimie shemeji yangu, mumeo. Msalimu pia Bwana Salumu mwenye duka, aliyetusaidia kubeba jeneza la mama.

Nilitaka kuileta kwa mkono wangu, tukae jikoni tuisikilize pamoja. Nimekutumia kwa posta kwa sababu nimezeeka huku na mke wangu nimemzika huku. Sitarudi.

Kaka yako,
Asegelile