Jina la Mume wa Phoolmati

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Jabalpur
Tarehe: 14/05/2019, saa 8:10 mchana
Jina: Bhagwandas Namdev
Umri: miaka 52
Kazi: mpanga barua, posta
Makazi: Ghamapur

Nimeambiwa nipo hapa kama shahidi dhidi ya mama mkwe wangu, Rajjobai Vishwakarma, miaka 68. Nasema yote.

Mnamo tarehe 9 Januari mwaka huu mama yangu mzazi, Phoolmati, alifariki. Tulimchoma kando ya mto Narmada, nikanyoa kichwa, ofisi nzima ikanipa pole. Lakini fomu ya kuliondoa jina lake kwenye mpango wa matibabu wa watumishi wa serikali sikuijaza. Kadi yake ilibaki sandukuni. Wakati ule ulikuwa uzembe tu.

Mwezi wa pili figo za mama mkwe zikafa. Kwetu mzazi hanywi hata maji kwa binti aliyeolewa, ila mwanawe wa kiume, Kailash, alimshusha mlangoni kwangu na furushi la nguo, akaondoka kabla ya chai. Daktari akasema asafishwe damu mara mbili kwa wiki, la sivyo hamalizi mwezi.

Nikaenda ofisi ya mpango. Mtumishi mwanamke anaweza kuandikisha wazazi wake au wakwe, achague. Mwanamume, wakwe haruhusiwi. Nikauliza kwa nini. Karani akasema, "Kaka, mimi sikutunga sheria, mimi nagonga muhuri."

Ndipo nilipoitoa kadi ya marehemu. Ni mimi, si yeye. Bibi huyu, mama mkwe, hajui hata kusoma. Picha ni ya kizee aliyejitanda sari, na kizee yeyote aliyejitanda sari anafanana nayo. Nilimfundisha jikoni akimenya vitunguu: wewe Phoolmati, mumeo Chhotelal Namdev. Akacheka. "Huyo nitamtaja, si wangu. Wangu alikuwa na jina la ua. Mpaka leo nikilitaka ua hilo sokoni nanyoosha kidole."

Leo saa 4:20 asubuhi, akiwa hospitalini mashine inazunguka, alipita mkaguzi wa kadi, Bi Malviya.

"Mama, jina lako?"

"Phoolmati."

"Na la mumeo?"

"Chhotelal Namdev."

Bi Malviya akaweka kalamu chini. "Mama yangu ana miaka sabini, hajawahi kulitaja jina la baba, kwetu mke kulitaja la mumewe ni mwiko. Akiulizwa, ananigeukia mimi nimjibie. Wewe umelitaja kama bei ya viazi. Haya, mumeo wa kweli nani?"

Bibi akavuta sari usoni, akanigeukia. Nikamjibia. "Gulab Vishwakarma." Gulab ni waridi. Hapo ndipo tulipoishia.

Saa 7:00 mchana Kailash alikuja hapa kituoni. Alininong'oneza, "Shemeji, sema Mama aliiba kadi sandukuni. Kizee nani atamfunga? Wewe una kazi, una pensheni." Nikamwambia, "Wewe ulimtupa mara moja. Unataka na mimi nimtupe mara ya pili?"

Najuta. Nimemfanya mama yangu aendelee kuumwa baada ya kufa. Nimemfanya mjane amwite mume mwanamume asiyemjua, na alifanya hivyo kwa sababu aliniamini. Hayo nitayajibu. Lakini kwamba damu yake ilisafishwa, hilo sijuti. Kama sheria inamjua mama wa mume na haimjui mama wa mke, aliyeitunga aitwe naye aandikishe maelezo.

Ijumaa ni zamu yake ya mashine. Nitakalofanywa nifanywe, yeye asikose.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, hakuna la kufuta.

(Sahihi) B. Namdev

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa nami, Mkaguzi Msaidizi O. P. Baghel. Nimemwonya mara mbili kwamba anajitia hatiani mwenyewe. Akajibu, "Andika, afande, usipunguze." Kuanzia saa 9:30 alasiri anashikiliwa kama mtuhumiwa, si shahidi tena. Ameuliza jambo moja tu: kama bibi anaweza kwenda hospitali Ijumaa. Nimemruhusu bibi aende.